Boneti ya mzee wa Pangani

Mzee alinikuta karakanani na kikombe cha kahawa mkononi, kashata sijaimaliza. Gari kaliacha barabarani linanguruma, kwa sababu likizimwa haliwaki mpaka lisukumwe na watu wanne. Land Rover 109, Series III, ile ndefu. Hubeba samaki, nazi, siku nyingine bibi harusi na ndugu zake wote, kati ya Pangani na Tanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka boneti mpya. Nyepesi. Wajukuu wananiambia siku hizi kuna faiba, ile ya nyuzi za kioo, gari linakuwa jepesi, mafuta hayaendi."

Nikatoka nikaitazame hiyo boneti. Juu yake, katikati kabisa, amefunga tairi la akiba na rimu yake ya chuma. Kilo thelathini na kitu, hata kabla ya tope. Nikameza maneno yangu pamoja na kahawa.

Tukalifungua lile tairi, tukainua boneti. Ukingo wa mbele ulikuwa umevimba kama midomo ya mtu aliyeumwa na nyigu. Nilipopitisha kidole, kikarudi na unga mweupe kama chokaa ya tambuu. Nikachukua sumaku yangu, niliyoichomoa kwenye spika ya redio iliyokufa zamani, nikaiweka juu ya boneti. Ikateleza, ikaangukia mchangani.

"Mzee, hii ni alumini. Gari lako lilizaliwa jepesi."

Akaniangalia kama niliyemwambia mkewe ana jina jingine.

Hiyo sumaku ndiyo kifaa cha kwanza katika karakana yangu, kabla ya nyundo. Nilijifunza kwa hasara. Kuna kijana wangu alipokea Subaru Legacy, toleo lililoanza 2003, boneti imebonyea kidogo tu. Akaishambulia kwa nyundo ya chuma na moto, kama anavyonyoosha mlango wa Corolla. Boneti za Legacy zile ni alumini. Prius ya 2003 pia ni alumini. Ikajikunja, ikapasuka pembeni, na mimi ndiye niliyekwenda kutafuta nyingine kwa pesa yangu. Tangu siku ile hakuna nyundo inayoinuliwa kabla sumaku haijasema.

Sasa Land Rover. Gari lile lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa mgao, ilhali alumini, iliyokuwa ikijengea ndege za vita, ilikuwepo. Ndipo wakachagua alumini iliyochanganywa na magnesi, ikiitwa Birmabright, wakaikunja kwa mikunjo rahisi, wakaifunga kwa ribiti na bolti. Chasisi ikabaki chuma, na ukuta unaotenga injini na abiria ukabaki chuma. Kwa hiyo mtu akikuambia Land Rover haishiki kutu, mwambie alale chini ya gari atazame chasisi.

Ninalisimulia hili kwa sababu wateja wengi wanadhani kifaa chepesi huchaguliwa kwa wepesi wake. Mara nyingi kilichaguliwa kwa sababu kingine kilikosekana. Trabant ya Ujerumani Mashariki nayo ni hivyo hivyo: chuma cha bodi kilikuwa adimu, wakachukua mabaki ya pamba kutoka Muungano wa Kisovieti, wakayachanganya na resini ya fenoli, gundi inayoganda ikawa ngumu, wakakandamiza kwa joto, wakapata paneli walizoziita Duroplast. Watu waliwacheka. Lakini walitoa magari zaidi ya milioni tatu kuanzia 1957 mpaka 1991, na zile paneli hazikupata kutu hata siku moja. Kutu ilikula fremu ya chuma iliyokuwa chini yake.

Turudi kwenye unga mweupe. Boneti ya mzee juu ni alumini, chini ina fremu ya chuma, na alumini imekunjwa pembeni ikaifumbata ile fremu. Hapo kwenye mkunjo maji huingia yasitoke. Maji ya kawaida yana subira, lakini maji ya Pangani yana chumvi, na gari hili limebeba ndoo za samaki maisha yake yote. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, hugeuka betri ndogo. Mojawapo hulika ili nyingine ipone. Kati ya alumini na chuma, inayolika ni alumini. Ndiyo maana fremu ilikuwa na kutu ya juujuu tu, na alumini iliyo karibu nayo imekuwa unga.

Nikamkalisha mzee kwenye benchi, nikachukua daftari. Mteja akiona hesabu yake imeandikwa hubishana kidogo.

Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85, ya alumini gramu 2.7. Kijana akisikia hivyo anadhani ukibadilisha bati utabakiwa na theluthi ya uzito. Haiwi hivyo. Kwa unene uleule, alumini hunyumbuka mara tatu zaidi ya chuma, kwa hiyo ukitaka boneti isibonyee mtu akiiegemea, uongeze unene. Bahati yetu ni kwamba unene una nguvu ya ajabu: bati likiwa nene maradufu, ukakamavu wake haupandi mara mbili, unapanda mara nane. Ukipiga hesabu hiyo, chuma cha milimita 0.7 kinalingana na alumini ya milimita 1 hivi. Mita moja ya mraba ya chuma hicho ni kilo 5.5. Ya alumini hiyo ni kilo 2.7. Nusu. Si theluthi, lakini ni nusu ya kweli.

"Na faiba?" mzee akauliza.

Hapo nikavuta pumzi, maana faiba ina kesi na mimi.

Miaka saba iliyopita nilimtengenezea mtu boneti ya faiba ya pikapu yake. Nilikuwa nimeona video mbili tatu, nikajiona mtaalamu. Nikapaka nta kwenye boneti ya zamani, nikatoa umbo, nikatandika mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, safu tatu. Ukifanya kwa adabu, safu tatu ni gramu 1,350 za nyuzi, na resini mara mbili na kitu ya uzito huo. Jumla kilo 4.5 hivi kwa mita ya mraba, unene milimita 3. Angalia vizuri: chuma kilikuwa 5.5. Yaani baada ya mwasho wote ule, harufu ile, na siku tatu za kazi, umepunguza kilo moja kwa mita.

Na hapo ni ukifanya kwa adabu. Mimi nilimimina resini mpaka mkeka unang'aa, kwa sababu ukavu ulinitia wasiwasi. Halafu ilikuwa mwezi wa pili, saa saba mchana, jua la Tanga mnalijua. Nikaweka hadena, dawa ya kugandisha resini, asilimia mbili kama nilivyosoma. Nusu ya resini ikaganda ndooni, ndoo ikaanza kutoa moshi, wanangu wa karakana wakakimbia. Nikachanganya nyingine, nikamimina juu. Ilipokauka nilikwenda kuazima mizani kwa muuza samaki wa Deep Sea. Boneti ya faiba ilizidi ile ya bati kwa kilo moja na nusu. Muuza samaki akaniuliza, "Fundi, hili changu au tasi?"

Uzito ulikuwa aibu tu. Shida yenyewe ilikuja baadaye. Bawaba nilizifunga moja kwa moja kwenye faiba bila kuzika kipande cha chuma ndani, kwa hiyo baada ya miezi mitatu nyufa zilianza kwenye matundu ya bolti, zikatambaa kama mizizi ya mkoko. Na upande wa bomba la moshi resini ililegea, boneti ikaanza kuinama, maana resini ya poliesta ya kawaida haipendi joto la injini. Mwenye gari alikuwa muungwana, hakunidai. Nilimrudishia mwenyewe.

Sisemi faiba mbaya. Corvette imetembea na bodi ya faiba tangu 1953. Bampa, madigadi, vifuniko vya taa, hapo faiba ni rafiki: haishiki kutu, umbo lolote linatoka, na ikivunjika unabandika kiraka cha mkeka na resini hapohapo Pangani bila kuja mjini. Siku hizi nachanganya asubuhi, hadena asilimia moja, resini kidogo kidogo kwenye kopo la rangi, na roli ya kubana mapovu. Miwani ya macho lazima, kwa sababu hadena ikiingia jichoni si kitu cha kuosha ukasahau. Lakini paneli yenye bawaba, juu ya injini, na tairi la kilo thelathini mgongoni? Mzee mwenyewe akacheka.

Kaboni sikumtajia, ila nanyi nawagusieni kidogo kwa sababu mnaniuliza sana. McLaren walijenga gari la Formula 1 lenye kiwiliwili cha kaboni mwaka 1981. BMW wakaitumia kwenye gari la umeme la i3 mwaka 2013, kwa kuwa betri ni nzito na lazima upunguze mahali pengine. Ni nyuzi za maajabu, zikitandikwa kwa mashine na kuokwa. Inayokuja kwangu ni nyingine. Kijana mmoja wa Altezza aliniletea "boneti ya kaboni" aliyoinunua mtandaoni. Nikaikwaruza kwa ndani: faiba tupu, juu wametandaza kitambaa kimoja cha kaboni kwa ajili ya macho. Nzito kama mlango wa choo. Na hata ukipata ya kweli, jua kwamba kaboni ikigusana na alumini kwenye chumvi, alumini hulika vibaya kuliko ikigusana na chuma.

Chuma chenyewe nacho hakijalala, na hapa wanyooshaji wenzangu naomba mnisikilize. Magari ya siku hizi yamekuwa mepesi bila kuacha chuma, kwa kutumia chuma chenye nguvu nyingi ambacho huwa chembamba. Nguzo za milango, hasa ile ya katikati, mara nyingi ni chuma kilichookwa na kukandamizwa kikiwa cha moto. Ukikiwashia gesi ili ukinyooshe kinarudi kuwa laini, na kwa macho hutaona tofauti. Gari litapendeza. Siku likigongwa ubavuni ndiyo mtu atajua. Hizo hazinyooshwi kwa moto, hukatwa na kubadilishwa.

Tukaelewana na mzee: alumini. Fremu yake ya chuma tuiokoe, ngozi ya juu iwe mpya.

Kupata alumini yenyewe ilikuwa safari. Karatasi ya kwanza niliyoletewa ilikuwa laini kama ya sufuria. Ukiikunja kwa mikono inakubali, ukiiachia haijutii. Hiyo ni alumini karibu tupu, nzuri kwa kupikia wali. Kwa bodi unataka iliyochanganywa na magnesi, ambayo ukiibonyeza kidogo inarudi. Nikaipata Dar, kwa watu wanaojenga bodi za mabasi, milimita 1.2, karatasi moja. Bei ilimfanya mzee avue kofia, akajipepea, akaivaa tena.

Kazi yenyewe niliifanya mwenyewe, wanangu wakitazama. Alumini ina tabia moja inayowamaliza mafundi wa chuma: haikuonyi. Chuma ukikipasha moto kinakuwa chekundu, unajua ulipofika. Alumini hukaa vilevile, nyeupe, imetulia, halafu ghafla inadondoka chini, kwa maana inayeyuka kwa nyuzi 660 tu. Na ukiikunja bila kuipasha, inakuwa ngumu kila unapoigonga, mwisho inapasuka kwenye mkunjo.

Dawa yake alinifundisha ami yangu, Mungu amrehemu: sabuni ya mche. Unachora mistari ya sabuni mahali utakapokunja, kama mtoto anayechora ukutani. Kisha unapitisha moto wa gesi kwa upande wa chini, haraka, mkono hausimami. Unatazama sabuni, si alumini. Mistari inageuka rangi ya kahawa ya maziwa, kisha kahawa kavu, kisha nyeusi. Ikiwa nyeusi, ondoa moto. Ukiiacha ipoe, sehemu ile inakunjika kwa nyundo ya mbao kama ngozi ya mbuzi iliyolowekwa. Mkunjo mmoja wa upande wa kushoto niliuharakisha, sabuni ikiwa bado ya maziwa, na mpaka leo una ufa wa urefu wa kucha nilioziba kwa ndani. Mzee namwambia hapa hapa, kama wajukuu watamsomea.

Fremu niliisugua mpaka chuma cheupe, praima ya zinki, rangi mikono miwili. Brashi niliyosugulia chuma nikaifungia kabatini, kwa sababu chembe za chuma zikinasa kwenye alumini umeanzisha betri upya. Kisha kati ya fremu na ngozi nikaweka vipande nilivyokata kwenye dumu la njano la mafuta ya kula. Usicheke. Plastiki ile haipitishi umeme, hailiwi na chumvi, na inapatikana kila jalala. Kila bolti nikaivalisha washa ya dumu, juu na chini, na kwenye kona mbili za mbele nikaacha tundu la maji kutokea.

Niliipima kabla ya kuifunga. Ile ya zamani, pamoja na unga wake na puti ya mafundi waliotangulia, ilizidi mpya kwa kilo mbili na robo. Nikamwambia mzee ukweli: mafuta hutaona tofauti. Gari lako tupu ni zaidi ya kilo elfu moja na mia tano. Dumu moja la maji ukilishusha umepunguza kuliko mimi. Akasema anajua, ila wajukuu ndio walitaka.

Alipokuja kulichukua, akasimama mbele ya kipande kilichotundikwa ukutani, karibu na kalenda. Nacho kina hadithi. Trabant walitumia pamba kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Sisi Tanga tuna nini? Ukitoka mjini kwenda Muheza unaona mkonge mpaka macho yanachoka. Mercedes-Benz walishatumia mkonge na kitani ndani ya paneli za milango. Nikasema nami nijaribu. Nilinunua singa, yaani nyuzi za mkonge, za bei rahisi, nikaziloweka kwenye kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, asilimia tano, ili resini ishike, nikasuuza, nikaanika, nikatandika kipande cha sentimita thelathini kwa thelathini. Kilitoka gramu 340. Kizuri, rangi ya asali. Nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji wiki nzima, kikatoka gramu 371 na kingo zimevimba. Mkonge unakunywa maji. Na ili uwe mkakamavu kama faiba ya kioo, ilibidi niuongeze unene mpaka wepesi wote ukaisha.

Mzee akakishika, akakinusa, akakikwaruza kwa ukucha.

"Hizi singa umezitoa wapi?"

Nikamwambia.

"Haya ni mabaki ya brashi, mwanangu. Mafupi, machafu. Mimi nimefanya kazi korona, kwenye mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, kabla hujazaliwa. Singa ndefu, ikitoka korona ioshwe vizuri, ianikwe siku nzima juani, ipigwe brashi, ndiyo uitandike. Na hii uliitandika mbichi. Unasikia harufu?"

Nikanusa. Kweli, kulikuwa na harufu ya majani yaliyooza, ambayo miezi miwili yote nilidhani ni ya karakana.

Ameniahidi kuniletea mafungu mawili ya singa ndefu. Safari hii nitaanika mpaka ziwe kavu kama udi, nitatandika ndefu kwa urefu mmoja, na kingo zote nitaziziba kwa resini. Si kwa boneti. Labda paneli ya ndani ya mlango, ambako mvua haifiki. Vipimo nitaviandika hapa.

Tulipomaliza chai, akainua boneti yake kwa kidole kimoja, akaishusha, akainua tena. Akatabasamu kama mtoto. Kisha akawageukia vijana.

"Haya, leteni lile tairi tufunge."